Birika na Mtunzaji Wake

Wasomaji wetu wengi wamezoea kusoma habari za wafalme, za vita na za safari, na ni wachache wafikirio kwamba mtungi ulio nyuma ya mlango nao una historia yake. Walakini watu wameweza kukaa pasipo wafalme, na pasipo vita wangalikaa kwa raha zaidi; lakini pasipo maji mtu hawezi kukaa siku nyingi. Nayo mvua haiji kila siku. Huja kwa majira yake, masika na vuli, hunyesha mpaka njia zikawa mito, kisha hukoma. Na sisi twanywa kila siku, mvua ikiwako au isiwako. Basi kuweka maji ni kuifanya mvua ya siku chache itoshe siku nyingi. Katika makala hii twataka kueleza jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyoifanya kazi hiyo, na kuonyesha jambo moja tuliloliona katika kila habari, ya kwamba kulijenga birika si kazi ngumu kama kulitunza.

Jambo hilo hatukujifunza kwanza katika vitabu. Zamani tulifundisha katika shule moja ya bara iliyokuwa na tangi kubwa la saruji, lililojengwa kwa michango ya wazazi. Siku ya kulifungua palikuwa na nyimbo na hotuba nyingi, lakini hakuna aliyetajwa siku ile kuwa ndiye mwenye kufagia paa, kuzibua mifereji, wala kuangalia mfuniko. Mwaka wa kwanza maji yalikuwa mema. Mwaka wa pili majani yalijaa mferejini, na nusu ya mvua ikamwagika ukutani. Mwaka wa tatu mfuniko ulivunjika, na siku moja mtoto akateka maji yenye harufu mbaya; tulipochungulia ndani tukaona ndege aliyekufa siku nyingi. Juma lile watoto kumi na mmoja waliugua tumbo. Tangi likaachwa, na watoto wakarudia desturi ya kwenda mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Sisi walimu tukalaumiana, kila mtu akidhani ilikuwa kazi ya mwenziwe, wala hatukuwa na udhuru wa kuwapa wazazi. Tangu siku hizo tumekuwa tukiuliza, kila tusomapo habari za birika la kale, si nani aliyelijenga tu, bali ni nani aliyelitunza.

Tuanze na chombo kilicho karibu nasi. Mtungi wa udongo hufinyangwa mahali pengi na wanawake, hukaushwa kivulini, kisha huchomwa kwa kuni na majani makavu. Hata baada ya kuchomwa, udongo wake una vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo kidogo kidogo, hutoka nje kama jasho, na upepo huyakausha. Nayo yakikauka huchukua joto la mtungi; hii ndiyo sababu maji yake huwa baridi hata saa sita ya mchana. Tena mdomo wa mtungi ni mdogo, basi vumbi haliingii sana wala jua halifiki ndani. Juu yake huwekwa kifuniko, na kando hutundikwa kata, yaani kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, ili mtu ateke maji bila kutia mkono wake. Mama zetu hawakuhitaji kufundishwa haya shuleni. Giza, mdomo mdogo, kifuniko, na mkono usioingia: hizi ni kanuni nne za kuweka maji, na wafalme waliojenga mabirika makubwa walifuata hizo hizo. Lakini tutaona kwamba iko kanuni ya tano, nayo ndiyo iliyowashinda wengi.

Neno lenyewe birika limesafiri sana. Siku hizi wengi wakilisikia hufikiri chombo cha kuchemshia chai. Lakini hapa twasema juu ya birika kubwa, lililochimbwa au kujengwa ili kuweka maji. Asili yake ni neno la Kiarabu, birka. Wasomali husema berked, na Wahispania, waliotawaliwa na Waarabu karne nyingi, walilichukua wakasema alberca. Katika pwani yetu birika lilikaa hasa msikitini, kwa sababu watu hutawadha kabla ya kusali. Atembeleaye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mji ulioachwa katika karne ya 17, ataona kwenye msikiti mkubwa kisima kirefu, na karibu yake birika lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe ya baharini. Maji yaliyotekwa kisimani yalimiminwa birikani, na watu wakayatumia kwa kutawadha. Tena katika miji ya Lamu na Siyu watu walikuwa na akili nyingine: walitia samaki wadogo katika mabirika, nao samaki wakala viluwiluwi vya mbu. Wasomaji na walikumbuke jambo hili la samaki, maana tutalirudia.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka nchi ya Moabu, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Mwaka 1868 mmisionari mmoja jina lake F. A. Klein alionyeshwa huko Dhiban jiwe jeusi lenye maandiko ya kale. Mwaka uliofuata watu wa mahali pale walilivunja jiwe vipande vipande, walakini vipande vingi vilipatikana vikaungwa, na leo jiwe hilo limo katika nyumba ya makumbusho ya Louvre, mjini Paris. Aliyeliandikisha ni Mesha, mfalme wa Moabu, yapata miaka 840 kabla ya kuzaliwa Kristo. Kama wafalme wote, Mesha ajisifu kwa vita alivyoshinda. Lakini katikati ya majivuno hayo aeleza jambo lingine: kwamba mjini mwake hamkuwa na birika, naye akawaamuru watu wote kila mmoja ajifanyie birika nyumbani mwake.

Amri hiyo ilikuwa ya busara kuliko tunavyoweza kudhani. Mawe ya nchi zile ni mawe ya chokaa, laini kuchimbika, lakini hupitisha maji. Watu walichimba shimo lenye umbo la chupa, jembamba juu na pana chini, kisha wakalipaka ndani lipu ya chokaa ili maji yasipotee. Hivyo birika lilipata giza na mdomo mdogo, kama mtungi wetu, isipokuwa mtungi huu ulizikwa chini ya ua wa nyumba. Tena Mesha hakujenga birika moja kubwa la mfalme, na kumwomba kila mtu aliangalie. Kila nyumba ilipata birika lake, na kila birika likapata mwenyewe. Mwenye nyumba asiposafisha paa na ua, hunywa uchafu wake mwenyewe, wala hana wa kumlaumu.

Jirani zao wa Yerusalemu walikuwa na mabirika ya nyumbani vilevile, na juu ya hayo walikuwa na kazi kubwa za wafalme. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya Hezekia, aliyetawala yapata miaka 700 kabla ya Kristo. Chemchemi ya Gihoni ilikuwa nje ya ukuta, na mfalme aliogopa jeshi la Waashuri. Basi mafundi walikata njia ya maji ndani ya mwamba, yenye urefu wa mita 533, mpaka birika la Siloamu. Walianza pande mbili, wakakutana katikati chini ya ardhi, wakisikia sauti za wenzao. Habari za kukutana kwao ziliandikwa ukutani na wafanya kazi, na maandiko hayo yalionekana mwaka 1880. Yerusalemu haukutekwa na Waashuri.

Hata baada ya miaka mia na zaidi kidogo, mji ule ule ulizingirwa na Wababeli, na hapo twasoma habari ya birika lingine. Wakuu wa mji walimkasirikia nabii Yeremia, wakamshusha kwa kamba katika birika lililokuwa katika uwanja wa walinzi, mali ya mwana wa mfalme. Ndani yake hamkuwa na maji, ila tope, naye akazama katika tope. Aliyemwokoa ni Mkushi mmoja, mtu wa Afrika, jina lake Ebedmeleki, aliyeomba ruhusa ya mfalme, kisha akashusha matambara makuukuu ili kamba zisimkate nabii kwapani. Waalimu wengi huifundisha habari hii kwa ajili ya huruma ya Mkushi, na ni vema. Lakini na sisi wenye kuuliza habari za maji twaona jambo lingine. Mji umezingirwa, adui yuko langoni, na birika lililo katika uwanja wa walinzi wenyewe lina tope. Labda maji yalikwisha kwa kutumiwa. Lakini tope lile liliingia kidogo kidogo, kwa mvua nyingi, katika siku za amani ambazo birika lingeweza kufagiliwa.

Mji wa tatu ni Constantinople, ambao leo waitwa Istanbul. Huko katika karne ya 6 Kaisari Justinian alijenga chini ya ardhi birika ambalo mpaka leo huwashangaza wageni. Urefu wake ni mita 138 na upana mita 65, na dari lake lachukuliwa na nguzo 336, zilizopangwa safu 12, kila safu nguzo 28. Yasemwa kwamba laweza kuchukua maji mita za ujazo 80,000. Tukipima kwa debe letu la lita 20, hayo ni madebe milioni nne. Maji yaliletwa kwa mifereji kutoka vilimani mbali na mji.

Wafalme walipita, na utawala ukageuka. Mwaka 1453 Waturuki waliutwaa mji. Hata katika miaka ya 1540 alifika mtaalamu mmoja Mfaransa, Pierre Gilles, akitafuta majengo ya kale. Alisikia kwamba watu wa mtaa mmoja huteka maji kwa kushusha ndoo katika matundu ya sakafu za nyumba zao, na wengine huvua samaki humo. Akatafuta mpaka akaingizwa chini, akachukuliwa kwa mashua katikati ya nguzo, kwa mwanga wa mienge. Wenye nyumba walikuwa wakinywa maji ya birika la Kaisari, na wengi hawakujua kilicho chini ya miguu yao. Basi birika halikupotea kwa adui wala kwa tetemeko. Lilipotea kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kulikumbuka. Miaka ikapita, tope likajaa, na katika miaka ya 1980, lilipotengenezwa ili watu waje kulitazama, tani elfu nyingi za tope zilitolewa.

Kutoka huko tushuke mpaka Aden, bandari ijulikanayo sana na mabaharia wa pwani yetu. Mji wa kale wa Aden umejengwa ndani ya shimo la mlima wa moto uliozimika zamani. Mvua hainyeshi ila mara chache, lakini ikinyesha huteremka kwa nguvu katika mabonde ya mawe, na huweza kuuharibu mji. Watu wa kale walijenga mabirika bondeni, moja juu ya lingine kama ngazi, ili birika la juu likijaa maji yateremkie la chini. Hivyo walipata faida mbili: maji yaliwekwa, na mji ukaokoka na gharika. Waingereza walipoitwaa Aden mwaka 1839, mabirika hayo yalikuwa yamefukiwa kwa mawe na mchanga. Mwaka 1854 afisa mmoja, Robert Lambert Playfair, aliyaona akaanza kuyafukua. Leo yamebaki 13, nayo yakijazwa yote huchukua karibu galoni milioni 19. Lakini hayakujaa mara nyingi, na kabla miaka mingi haijapita, mji ulianza kutumia mitambo ya kuyageuza maji ya bahari kuwa maji matamu. Mafundi waliorudisha mawe hawakuweza kuwarudisha watu waliolijua bonde lile na kuliangalia kila mwaka.

Playfair huyo ndiye aliyekuja Unguja, akawa balozi wa Uingereza tangu mwaka 1863 hata 1867. Siku zile watu wa mji wa Unguja walitegemea visima na maji yaliyochukuliwa kichwani. Mwaka 1869 maradhi ya kipindupindu yaliingia mjini, yakaua maelfu ya watu. Leo twajua kwamba maradhi hayo huchukuliwa hasa na maji yaliyochafuliwa. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta maji safi mjini kwa mifereji kutoka chemchemi upande wa Bububu, na kazi hiyo yahesabiwa katika kazi njema kuliko zote alizofanya. Lakini maji ya mfereji huleta usahaulifu wake. Mtu afunguaye bomba hafikiri habari ya birika. Bomba likikauka siku tatu, hukimbilia ndoo, pipa na debe, chochote kilicho karibu, kiwe na kifuniko au kisiwe nacho.

Tumesema mpaka sasa juu ya miji yenye wafalme, mafundi na chokaa. Je, watu wasio na mawe wala chokaa walifanyaje? Tutazame nchi ya Kordofan, katika Sudani, ambako nyika ni ya mchanga na mvua ni ya miezi michache. Mna mibuyu mikubwa, nayo Waarabu wa huko huiita tebeldi. Watu walitoboa tundu juu, mahali matawi yaanzapo, wakauchimba mti ndani mpaka shina likawa kama pipa. Na mti haukufa, uliendelea kuota majani. Chini, kuizunguka mizizi, walichimba beseni pana. Mvua iliponyesha beseni lilijaa, na mara watu walifika, mmoja akisimama chini akijaza ndoo ya ngozi, mwingine akikaa juu akiivuta na kuimimina ndani ya mti. Ilikuwa lazima kufanya haraka, kabla mchanga haujayanywa maji. Kisha tundu likafunikwa, na maji yakakaa gizani mpaka kiangazi. Mti mmoja uliweza kuchukua lita elfu kadha.

Na hapa twaona kitu tulichokikosa Constantinople na shuleni kwetu. Mibuyu hiyo ilikuwa na wenyewe. Baba alimrithisha mwana, na miti mingine ilipewa majina kama watu. Hakuna aliyeweza kusema hakujua mti ule ni wa kutunzwa na nani. Haukuwa na nguzo 336, wala Kaisari hakuandika jina lake juu yake, lakini ulikuwa na mtunzaji, naye alijulikana kwa jina. Hii ndiyo kanuni ya tano.

Wasomaji wengine watasema: birika lisipotunzwa hukauka au hujaa tope, na hasara yake ni kiu tu. Laiti ingekuwa hivyo. Maji yaliyowekwa na kusahauliwa huweza kugeuka kuwa adui, na habari hii ilitokea katika nchi yetu wenyewe, huko Newala, katika nyanda za juu za Wamakonde. Udongo wa kule juu hupitisha maji upesi, basi hapana mito wala chemchemi. Chemchemi ziko chini, mabondeni. Hata hivyo Wamakonde walijenga vijiji vyao juu, na masimulizi yao ya kale yakataza kukaa bondeni karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi. Kwa ajili hiyo wanawake walishuka na mitungi, wakateka, wakapanda tena mlima na mzigo kichwani. Maji yaliyopatikana kwa taabu kama ile hayamwagwi ovyo. Yalikaa ndani ya nyumba, katika mitungi, siku baada ya siku.

Mwaka 1952 maradhi mapya yalitokea huko. Mtu alishikwa na homa ghafula, na viungo vikamwuma hata asiweze kusimama wima. Wamakonde waliyaita chikungunya, jina la lugha yao, maana yake kujikunja, na jina hilo sasa latumika ulimwenguni mwote. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha habari zake mwaka 1955. Aliyeyachukua maradhi kutoka mtu hata mtu ni mbu mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana, naye alizaliwa ndani ya nyumba, katika mitungi ya maji ya kunywa. Watu walioyakimbia maji ya bondeni kwa kuogopa maradhi walifuatwa na maradhi mpaka nyuma ya mlango.

Hatusemi haya ili kuwalaumu. Nani awezaye kumwambia mama aliyepanda mlima na mtungi kichwani, "Yamwage maji haya"? Kosa si lake. Twayasema kwa sababu mambo yale yale yalirudi miaka zaidi ya 50 baadaye, katika kisiwa cha Lamu. Kisiwa hicho kina birika lisilojengwa na mtu. Nalo ni vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hupenya mchangani, na maji yake matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi. Visima vya huko huupa mji maji. Mwaka 2004, baada ya siku za jua kali na uhaba wa mvua, maji yalipungua, watu wakayaweka majumbani katika vyombo vya kila namna bila kuyabadili mara kwa mara. Chikungunya ikaingia. Wataalamu waliopima damu za watu walikadiri kwamba watu 75 katika kila 100 mjini walipatwa. Mwaka uliofuata maradhi yalifika visiwa vya Komoro, kisha kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi ya watu waliugua. Na mji huo wa Lamu, kama tulivyosema, ni mji uliojua zamani kutia samaki birikani. Akili ilikuwapo, lakini ndoo na mapipa hayakuwa na samaki, wala hayakuwa na desturi iliyozoewa ya kuyaangalia.

Tujifunze nini basi? Yai la mbu yule hugeuka kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja au siku 10 hivi, kukiwa na joto. Kwa hiyo chombo kikikaushwa mara moja kila juma, mbu hapati nafasi ya kukua. Wala si lazima kuyatupa maji: yaliyobaki yafulie nguo au yamwagiliwe mboga, ndipo chombo kijazwe upya. Lakini kukausha peke yake hakutoshi, maana mayai hushikamana na ukuta wa chombo, nayo huweza kuishi miezi mingi katika ukavu, yakingoja maji. Yapasa kusugua ndani kwa brashi au kwa kumbi la nazi. Chombo kisichoweza kukaushwa, kama tangi kubwa, kifunikwe kabisa, na kitambaa au wavu mwembamba ufungwe mdomoni na mahali maji yaingiapo. Maji ya mvua ya kwanza, yanayoosha paa, yaachwe yamwagike, kisha mfereji uelekezwe tangini.

Haya yote ni rahisi, na kila mtu akiyasikia hukubali. Mfalme Mesha hakutosheka na kukubali kwa watu. Aliagiza kila nyumba iwe na lake, na kila lake liwe na mwenyewe. Watu wa Kordofan nao waliuita mti kwa jina, na mwenye mti walimjua. Sisi tunaojenga leo matangi ya saruji na ya plastiki kwa ajili ya shule, zahanati na misikiti na makanisa, twapenda kuandika juu yake jina la aliyetoa fedha. Si vibaya. Lakini lingefaa kuandikwa jina jingine chini yake, la mtu afagiaye paa.

Baada ya aibu ile tuliyoieleza mwanzo, tulihamia shule nyingine yenye tangi dogo kuliko lile la kwanza. Siku ya pili tulichukua daftari, tukaandika majuma yote ya mwaka, na mbele ya kila juma majina mawili: la mwalimu mmoja na la mwanafunzi mmoja. Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya mwisho, wawili hao hutazama paa, mfereji, wavu na mfuniko, kisha hutia sahihi. Juma la kwanza wanafunzi walicheka walipomwona mwalimu mkuu amepanda ngazi na ufagio. Mwaka wa tatu, ule ambao katika shule ya kwanza ulitupatia ndege mfu, kiangazi kilikuwa kirefu, na tangi lile dogo halikukauka mpaka siku tano kabla ya mvua. Siku hizo tano watoto walikwenda mtoni. Jioni ya mvua ya kwanza tulilifungua daftari kuona ni zamu ya nani, tukaona jina letu.